Bunduki ya jina usilolijua: cheki haya kabla hujatoa hela

Msimu wa kuwinda ukikaribia huku Texas, wabongo na wakenya wenzangu wanaanza kuniuliza swali lile lile, kaka nimeona bunduki dukani bei iko poa ila jina silijui, ninunue au niachane nayo? Mimi mwenyewe nawindia Howa na kila nikiitaja naulizwa ndo nini hiyo, ya mchina?

Ni ya mjapani. Howa ni kampuni ya tangu 1907, ndo inayotengeneza bunduki za Type 89 na Type 20 za jeshi la Japani, na cha kuchekesha ni kwamba Weatherby Vanguard, bunduki yenye jina la kampuni ya Marekani ambayo watu wanaiheshimu, imekuwa ikitoka kwa huyo huyo Howa tangu 1970. Miaka ya themanini Smith & Wesson na Mossberg nao waliiuza kwa majina yao. Ni kama unga wa sembe, kinu kimoja, mifuko tofauti. Kwahiyo kabla hujaidharau bunduki uliza nani kachonga mtutu na nani katengeneza sehemu ya bolti (kile chuma unachokivuta nyuma na kukisukuma mbele kuingiza risasi), muuzaji akishindwa kukujibu ingia mtandaoni mwenyewe, haichukui muda. Zastava hivyo hivyo, watu wanaikunjia uso lakini kile kiwanda cha Kragujevac kule Serbia kilianza na mizinga mwaka 1853, na bolti yao ya mtindo wa Mauser, ule wa zamani wa Mjerumani, imeshauzwa Marekani kama Interarms Mark X na baadaye kama Remington 798.

Na jina kubwa lisikutie upofu, Remington ilikuwepo tangu 1816 na bado ikafilisika 2018, ikarudia tena 2020, kampuni ikauzwa vipande vipande. Kadi ya waranti ya kampuni iliyokufa utaifanyia nini?

Kinachowaumiza wengi ni spea, sio ubora. Kabla ya kulipa tafuta magazini (kasha la kuwekea risasi) ya ziada ya hiyo bunduki, kama haipo popote au ni ya kuagiza na kusubiri miezi, mimi hapo naondoka, maana magazini ndo kitu cha kwanza kupotea porini. Bergara ya Hispania wengi hawaijui lakini bunduki yao ya B-14 inafuata vipimo vya Remington 700 inayojulikana sana, kwahiyo triga, vitako (ule mwili wa mbao au plastiki unaobeba mtutu) na besi za darubini zimejaa madukani. Hiyo inaniondolea wasiwasi kuliko tangazo lolote. Risasi nazo usijifanye mjanja, chukua saizi za kawaida kama .308 au .30-06, .270 au 6.5 Creedmoor, utazipata hata kwenye kamji kenye duka moja.

Ukiishika dukani, hakikisha mwenyewe haina risasi, halafu fungua na funga bolti taratibu huku umeisukuma kidogo pembeni. Ikikwama kidogo tu sawa, italainika, ila ikikwaruza kama ina mchanga iache. Kama mtutu ni wa kuelea, yaani haugusi kitako, pitisha noti ya dola kati ya mtutu na kitako, ipite bila kugusa mpaka karibu na bolti. Mimi huwa nabeba na kipande cha pamba mfukoni, nakipitisha kwenye mdomo wa mtutu kuzunguka ule ukingo wa ndani, nyuzi zikinasa ujue kuna chenga za chuma au ukingo umegongwa, na hapo ndo risasi inapoagana na bunduki yako, kasoro ndogo tu na shabaha inaharibika. Kuna muuzaji mmoja aliniangalia kama mchawi, sikujali. Triga omba ruhusa kwanza ndo ubonyeze.

Halafu kuna hizi ahadi za risasi tatu ndani ya inchi moja kwa yadi 100. Howa wanaahidi, Weatherby wanaahidi, kila mtu siku hizi anaahidi. Risasi tatu ni chache sana bwana, bahati tu inaweza kuzikusanya. Piga tano tano mara kadhaa, uache mtutu upoe katikati, na ujaribu risasi za aina mbili tatu kwasababu bunduki zina ubaguzi wake, aina moja inazisambaza nyingine inazibana. Kwa swala wa huku wanaopigwa yadi 100 au 150 hata inchi moja na nusu inatosha kabisa, waachie vijana wa YouTube wagombanie hiyo nusu inchi.

Ubaya wa jina dogo utauona siku ya kuuza, duka litakupa hela ya kukukatisha tamaa hata kama bunduki ni nzima. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha badilisha nunua jina kubwa tu, yaishe.

Na kwa wageni wenzangu, mwenye green card ananunua kama raia, anajaza fomu 4473 ya serikali ya kununulia bunduki na anachekiwa rekodi zake. Ukiwa na viza ya muda kwa kawaida hairuhusiwi mpaka uwe kwenye msamaha unaotajwa kisheria, mfano leseni halali ya kuwinda, kwahiyo leseni ianze ndo duka lifuate, na usimtume rafiki akununulie kwa jina lake, hilo ni kosa la jinai.