Maswali ya Wasomaji: Naivasha Ilipokuwa Ziwa la Besi

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya zamani ya mzee mmoja aliyesimama kwenye gati ya mbao huko Naivasha, ameshika kwa midomo yao besi wawili, wale samaki wawindaji wenye mdomo mkubwa (largemouth bass), mmoja kila mkono. Hatukutarajia kwamba picha hiyo ingeamsha wasomaji wengi kiasi hiki. Barua zilizofuata tumezichuja, nazo zilizobaki zinajibiwa hapa na mwandishi wa safu hii, ambaye amekuwa akivua kwa ndoano katika ziwa hilo tangu utotoni.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mstaafu, naishi Gilgil. Mwishoni mwa miaka ya 1960, nilipokuwa mtoto, mjomba wangu aliyekuwa akitunza maboti ya hoteli moja kando ya ziwa alikuwa akinichukua alfajiri twende kuvua besi. Nakumbuka maji maangavu kiasi cha kuiona ndoano ikizama, na mayungiyungi ya buluu yametanda karibu na ufuko hata makasia yakawa yananasa. Tulirudi na ndoo imejaa kabla ya saa tatu. Nikimsimulia mjukuu wangu hucheka, maana maji anayoyajua yeye yana rangi ya chai ya maziwa. Je, kumbukumbu zangu zinanidanganya? Na kama hazidanganyi, ni nani aliyeliharibu ziwa lile? — Mstaafu, Gilgil

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kumbukumbu zako hazikudanganyi, na mjukuu wako anastahili kuambiwa hivyo. Maji yalikuwa maangavu, mayungiyungi yalikuwepo, na besi walikuwa wengi. Lakini swali lako la pili ni gumu kuliko unavyodhani, kwa sababu linachukulia kwamba ziwa ulilolikuta ndilo lililokuwa ziwa la asili, na hapo ndipo ninapolazimika kukuvuruga kidogo.

Besi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa mwaka 1929 kutoka Marekani ili walowezi wapate samaki wa kushindana naye kwa mshipi, miaka minne tu baada ya tilapia wa kwanza kupandikizwa mwaka 1925. Kabla ya hapo ziwa zima, pamoja na ukubwa wake, halikuwa na samaki wa asili ila kijisamaki kimoja kidogo kama kidole, kisichopatikana kwingineko kokote duniani. Kijisamaki hicho kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na anayeshukiwa zaidi kukimaliza ni huyo huyo besi tunayemlilia sisi. Kwa hiyo wakati mjomba wako alipokuwa akikupakia kwenye boti, ziwa lilikuwa limekwisha kupoteza samaki wake pekee wa asili, na hakuna aliyeketi ufukweni kuomboleza.

Nasema hivi si kwa kukupunguzia utamu wa kumbukumbu. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba Naivasha ninayoikumbuka ilikuwa hatua moja ya ziwa linalobadilika, wala haikuwa hali yake ya kudumu. Nilianza kwenda na marehemu baba mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa na desturi moja ambayo mama hakuipenda: kila besi aliyemvua alimpasua pale pale kwenye ubao wa boti, akatoa tumbo, akalifungua kwa ncha ya kisu ili aone samaki alikuwa akila nini. Mwanzoni tulikuwa tukikuta wadudu wa majini, viluwiluwi na tilapia wachanga. Kisha asubuhi moja tumbo la besi wa kama kilo mbili likamwagika vipande vya magamba mekundu, makucha mawili mazima na macho meusi kama mbegu za papai. Baba aliugeuza ule ukucha mmoja kwenye kiganja chake kwa muda mrefu, kisha akaufunga ndani ya leso akaenda nao nyumbani.

Ule ulikuwa ukucha wa kamba mwekundu wa Louisiana (crayfish), kamba wa maji baridi mwenye makucha, aliyetiwa ziwani mwaka 1970 ili avuliwe na kuuzwa, na kweli kwa muda fulani alisafirishwa hadi Ulaya. Besi wakubwa walimpenda sana hata akawa ndiye chakula chao kikuu, wakanenepa, na sisi wenye ndoano tukafurahi. Hatukuona upande wa pili. Kamba yule hula mimea ya majini kama mbuzi aliyefunguliwa shambani, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mayungiyungi yako yalikuwa yametoweka katika ziwa kuu, pamoja na majani yote yaliyoota chini ya maji. Baadaye kamba walipopungua majani yalirudi, walipoongezeka yakapungua tena, na mchezo huo ukaendelea kwa miaka mingi.

Kuhusu nyavu, ambazo wengi walioandika wamezitupia lawama zote, uvuvi wa biashara ulifunguliwa rasmi mwaka 1959, maana yake hata ndoo zenu zilijaa wakati nyavu zikiwa tayari majini. Tatizo lilikuja idadi ya nyavu ilipozidi na matundu yake yalipopungua upana, hata mwaka 2001 ikabidi uvuvi ufungwe kwa muda ili samaki wapumue. Mashamba ya maua yalianza kupanuka kuanzia miaka ya 1980, mji ukakua kwa kasi ya kutisha, mafunjo yaliyokuwa yakichuja maji yakakatwa na kuchomwa ili kupata malisho na mashamba, na udongo wa mashamba ya juu ukazidi kushuka na mto Malewa. Gugu maji nalo lilikuwa limeingia mwaka 1988.

Kama ningelazimishwa kutaja pigo moja lililomuumiza besi kuliko mengine, ningemtaja samaki mwingine, yaani kapi, aliyejitokeza ziwani karibu na mwaka 2001, na ndani ya miaka michache akawa ndiye anayejaza nyavu za wavuvi. Kapi hula kwa kufukua tope. Anatia pua chini, ananyonya, anatema, na maji yanabaki na vumbi. Besi kwa upande wake ni mwindaji wa macho: hujificha kwenye kivuli, humwona windo, kisha huruka. Ukimtia kwenye chai ya maziwa ya mjukuu wako, unakuwa umemfunga kitambaa usoni. Hata hivyo familia nyingi za Naivasha zinakula na kusomesha watoto kwa kapi huyo huyo, na mvuvi wa nyavu aliyenisikia nikimlaumu kapi aliniuliza ni lini besi aliwahi kumlipia karo. Sikuwa na jibu.

SWALI: Mjomba wangu (si yule mzee wa kwenye picha) alikuwa akiapa kwamba mwaka wa kwanza wa Uhuru alivua Naivasha besi wa kilo kumi na mbili. Inawezekana? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Haiwezekani. Rekodi ya dunia ya besi mdomo-mkubwa ni kilo 10 na gramu chache. Iliwekwa na George Perry huko Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932, na haikufikiwa na mtu hadi Julai 2009, Manabu Kurita alipomvua wa uzito karibu sawa katika ziwa Biwa nchini Japani. Mjomba wako angekuwa ndiye mtu maarufu kuliko wote katika uvuvi huu, na hoteli zote za Naivasha zingekuwa na sanamu yake. Ninachoweza kumtetea ni kwamba besi anapoumwa na ndoano huruka nje ya maji, mdomo wazi, akitikisa kichwa kama mbwa aliyetoka mtoni, na kwa muda huo mfupi huonekana mkubwa mara mbili ya alivyo. Yule aliyeponyoka baada ya kuruka huendelea kukua mpaka mvuvi anapofariki.

SWALI: Mimi ni Mkenya ninayefanya kazi ya uuguzi Dallas, Texas. Mwenzangu wa kazini alinipeleka Lake Fork kuvua besi, na siku nzima wazee tuliokutana nao kwenye gati walikuwa wakisimulia jinsi ziwa hilo lilivyokuwa katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba sasa limekwisha. Nilihisi niko Naivasha nikimsikiliza baba. Kwa nini kila ziwa lilikuwa zuri zamani? — Muuguzi, Dallas

JIBU: Dada, umeuliza swali ambalo ningetamani wazee wetu wa Naivasha nao wajiulize. Sehemu ya jibu ni ujana: mtu hulikumbuka ziwa pamoja na mgongo uliokuwa hauumi. Lakini sehemu kubwa ni ya kweli na ina maelezo, na Lake Fork ni mfano mzuri kuliko yote.

Lile si ziwa la asili bali ni bwawa. Ukuta wake ulifungwa mwaka 1980 na maji yakajaa kabisa mwishoni mwa 1985, miti mingi ikiwa imeachwa imesimama ndani, na besi wa ukoo wa Florida, ambao hukua wakubwa zaidi, wakapandikizwa humo tangu mwanzo. Sasa fikiria kinachotokea maji yanapofunika ardhi kavu kwa mara ya kwanza. Majani, mizizi, samadi na wadudu vyote vinageuka mbolea. Maji yanajaa viumbe vidogo, samaki wachanga wanapata pa kujificha kati ya matawi yaliyozama, na besi, akiwa na chakula tele na washindani wachache, anakua haraka kuliko atakavyowahi kukua tena. Mwaka 1986 alitoka humo besi wa karibu kilo 8, akahifadhiwa hai, na kwake ukaanza mpango wa jimbo wa kuwachukua besi wakubwa kwa ajili ya kuzalisha vifaranga. Januari 1992 akatoka mwingine wa kilo 8 na robo, ambaye hadi leo ndiye rekodi ya Texas. Kisha mbolea ile ya mwanzo huisha, miti huoza na kuanguka, na bwawa hutulia katika maisha ya kawaida. Wazee wa kwenye gati walibahatika kufika wakati wa karamu, na sasa wanalilaumu jiko kwa kutopika karamu kila siku.

Ningewatetea watu wa Lake Fork kwa jambo moja, nalo ni kwamba waliwekewa sheria kali mapema, na siku hizi besi wa urefu wa kati ya inchi 16 na 24 lazima arudishwe majini. Ndiyo maana ziwa hilo, hata likiwa limepita kilele chake, bado linatoa samaki ambao mimi ningesafiri kwenda kuwaona.

Naivasha haikujengwa na mtu, lakini nayo ina karamu zake. Ni ziwa lisilo na mto unaotoka juu ya ardhi, kwa hiyo kina chake hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kufuata mvua. Likishuka, ufuko mpana hubaki wazi, nyasi huota, ng'ombe na viboko hutia samadi. Likipanda, vyote hivyo huzama na samaki wachanga hupata maficho na chakula. Mwaka 2020 lilipanda hadi likafukuza watu majumbani mwao katika mtaa wa Kihoto, na migunga mingi ya ufukweni ikafa imesimama ndani ya maji. Ni vigumu kuiita hali hiyo neema mbele ya mtu aliyepoteza nyumba. Kwa besi, hata hivyo, kila mgunga uliozama ni kivuli kipya.

SWALI: Kwa hiyo besi bado anapatikana Naivasha? Nataka kumpeleka mwanangu wa miaka kumi na miwili. — Baba, Thika

JIBU: Anapatikana, ila usitarajie ndoo. Besi wawili kwa asubuhi moja ni siku njema. Ulizia kwanza leseni ya kuvua kwa ndoano, kisha kodisha boti pamoja na nahodha anayelijua ziwa. Usimruhusu mtoto asimame majini ufukweni hata mara moja, kwa sababu viboko hawatoi taarifa mapema. Vaeni maboya ninyi nyote. Ondokeni mapema, maana jina lenyewe la ziwa latokana na neno la Kimaasai la maji yanayochafuka, na upepo wa alasiri huligeuza ziwa tulivu kuwa mawimbi meupe kwa muda mfupi sana.

Mwambie nahodha awapeleke kwenye ile migunga iliyokufa, au kwenye ukingo wa mafunjo pale penye kivuli. Tumieni chambo bandia cha rangi nyekundu au kahawia, mkitupe karibu kabisa na gogo, mkiache kizame, kisha mkivute taratibu kwa kukiruka-rukisha kama kamba anayekimbia kinyumenyume. Mwana atangoja kuhisi mvuto mkubwa, nao mara nyingi hauji. Afadhali autazame mshipi pale unapoingia majini: ukihama pembeni kimya kimya pasipo upepo, hapo hapo ainue ufito.

Mkimpata wa kula, mpasueni mle mle botini mwangalie tumbo lake. Ningependa kujua mmekuta nini: ukucha mwekundu, au tilapia mchanga. Mwanao aandike mwenyewe.