Hata kikosi kile cha La Masia, watatu walinunuliwa
Kaka, unasema Barcelona ya vijana wa La Masia, akademi ya klabu hiyo, ni ushahidi kwamba usajili ni kutupa hela. Utamu wake sikatai. Novemba 2012 ugenini kwa Levante, Dani Alves aliumia mapema, akaingia Montoya, na uwanjani wakawa 11 wote zao la akademi. Mechi ikaisha 4-0. Ila hebu wahesabu vizuri: Piqué alirudishwa kwa hela kutoka Manchester United, Fàbregas kutoka Arsenal, Jordi Alba kutoka Valencia. Walilelewa pale, wakaondoka, wakanunuliwa tena!

Barca walipokosea ni kwenye pupa. Walipomuuza Neymar 2017 kwa yuro milioni 222, kila klabu ilijua mfuko umetuna, Barca wakapigwa bei walipowanunua Dembélé na Coutinho.

Na kijana naye ni bahati nasibu. Ansu Fati alivalishwa jezi namba 10 ya Messi, goti likawa limeshamwangusha. Hata huyu Yamal tunayemshangilia, krosi zake zilikuwa zinamaliziwa na Lewandowski, mzee wa kununuliwa.