Jibu: Kitana kinachokuwa msitu

Habari mwalimu. Umesema bibi yako wa Machame alikusimulia msichana anayekimbizwa na zimwi, akirusha kitana kinakuwa msitu, na umetafuta asili yake mpaka umekwama.

Nami nilikwama hivyo na hadithi ya shangazi yangu hapa Arusha. Nilitafuta kwa jina la zimwi, na majina hubadilika kila kijiji. Anza na vitu vilivyorushwa na mfuatano wake: kipi kwanza, kikawa nini? Kisha angalia kama msichana mwenyewe anajigeuza, maana hiyo huhesabiwa kama kipengele tofauti. Katika orodha ya kimataifa ya ngano, tafuta namba 313. Kwa vizuizi vyenyewe, yaani vitu vinavyorushwa kumzuia anayefukuza, tafuta D672 katika orodha nyingine, ile ya Stith Thompson ya vipengele vya ngano.

Utaona kitana kimetembea. Kwa Warusi, taulo linakuwa mto na kitana kinakuwa msitu, mchawi Baba Yaga anakwama. Kwa ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, brashi, kitana na kioo vinakuwa milima. Ninayoipenda zaidi ni ya Kijapani, kwenye Kojiki, kitabu cha kale cha mwaka 712: mungu Izanagi anatoroka kuzimu, anatupa pambo la kichwani, linakuwa zabibu, na wanaomfukuza wanasimama kula! Meno ya kitana yanakuwa machipukizi ya mianzi, wanasimama tena. Mwisho anawatimua kwa mapichesi matatu.

Kwa hiyo usiamue haraka kwamba bibi aliitoa kitabuni. Mrekodi kwanza kwa Kimachame chake, ndipo umuulize alikoisikia. Mimi nilitanguliza swali hilo, shangazi akadhani namtilia shaka, akaikatisha hadithi.