Maswali na Majibu: Karatasi, Umeme na Upotevu Ofisini

Swali: Ofisi yetu hapa Chumbageni, Tanga, imeweka mapipa mawili, moja la karatasi na jingine la taka nyingine, lakini idadi ya rimu tunazonunua haijapungua. Tatizo liko wapi? (Mtunza masjala)

Jibu: Pipa hupokea karatasi iliyokwisha kununuliwa, kusafirishwa na kuchapwa, kwa hiyo haliwezi kupunguza manunuzi. Mbinu zilizokuzwa katika viwanda vya Toyota nchini Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno alibainisha aina saba za upotevu, huanzia mbali zaidi, kwa kuifuata kazi hatua baada ya hatua na kuuliza kila hatua inamfaa nini anayehudumiwa. Chukua ombi moja la malipo, ulifuate kwa miguu kutoka meza ya mwombaji hadi kwa mhasibu, na uandike kila mahali linapochapwa, linapodurufiwa, linaporudishwa na linapolala. Sitashangaa ukikuta nakala tatu ambazo hakuna anayezifungua tena, pamoja na fomu zinazorudishwa kila mara kwa sababu sehemu ya kujaza kasma, yaani kifungu cha bajeti, haieleweki. Karatasi ya A4 ya kawaida ina uzito wa takriban gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ni kama kilo mbili na nusu. Kila fomu inayojazwa upya huongeza uzito huo bila kumsaidia mtu yeyote. Rekebisheni fomu kwanza. Mapipa yabaki, ila yasiandikwe kwenye taarifa ya mwaka kama mafanikio.

Swali: Sisi ni mawakala wa forodha karibu na bandari. Mhasibu anasema sheria inatulazimisha kutunza kila kitu kwenye karatasi. Ni kweli?

Jibu: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kwa masharti. Kabla ya kuharibu hati yoyote yenye saini au mhuri, ulizeni ofisi ya TRA. Hata hivyo, sijaona sheria inayodai hati moja ikae katika majalada manne ya ofisi moja; hayo ni mazoea, na mazoea yanaweza kuondolewa bila kungoja Bunge.

Swali: Mkurugenzi ametuagiza tuzime taa na viyoyozi tunapotoka. Inatosha?

Jibu: Ni agizo jema, lakini linagusa dakika za mwisho tu za siku. Jiulizeni kwa nini watu bado wako ofisini saa moja usiku. Katika ofisi nyingi jibu ni kusubiri: mwenye mamlaka ya kusaini ni mmoja, yuko safarini Dodoma au Dar es Salaam, na majalada yanayomngoja yanawaweka wenzake sita kwenye chumba chenye kiyoyozi, hasa miezi ya kaskazi ambapo joto la Tanga halivumiliki. Kusubiri ni mojawapo ya zile aina saba za upotevu za Ohno, na huku kwetu kunalipiwa kwa umeme. Mkurugenzi akikasimu saini za malipo madogo kwa mtu wa pili, na kupanga nyakati mbili maalumu za kusaini kila siku, huenda akaokoa umeme mwingi kuliko tangazo lililobandikwa mlangoni.

Swali: S tano si usafi tu?

Jibu: Hapana. Sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (panga vinavyobaki), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja) na shikilia (udumishe) ni hatua tano za kupanga mahali pa kazi, na usafi ni mojawapo tu. Hospitali za Tanzania zimekuwa zikizitumia tangu Mbeya ilipoanza mwaka 2007. Ofisini, anzeni na stoo. Mtakuta fomu zenye nembo ya zamani, wino wa mashine iliyokwisha kuondolewa, na rimu zilizovuta unyevu wa bahari hadi zinakwama kwenye printa. Wekeni alama ukutani inayoonyesha kiwango ambacho rimu zikishuka ndipo ziagizwe nyingine, na anayetaka kununua katoni nyingi kwa sababu ya punguzo la bei aonyeshwe kwanza zile zilizoharibika.