Tagi 200 langoni, zinasomwa chache

SWALI: Ghala letu la nguo lina lango la kusomea tagi za RFID (vibandiko vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio), aina ya UHF Gen2. Katoni yenye tagi 20 husomwa yote. Tukipitisha toroli la tagi 200, kisomaji kinasuasua na nyingine hazionekani kabisa. Tuongeze nguvu ya antena?
Msimamizi wa ghala, Mombasa

JIBU: Nguvu iacheni kwanza, mkiiongeza mtazizoa na tagi za rafu za jirani, msongamano uzidi. Tazameni Q, namba inayoamua idadi ya nafasi, yaani zamu za kujibu, katika kila duru ya usomaji. Kisomaji hutangaza Q, kuanzia 0 hadi 15, na kila tagi hujichagulia nafasi moja kwa bahati nasibu. Q ya 4 ni nafasi 16, ya 8 ni 256. Tagi 20 kwenye nafasi 16 zitapenya. Zikiwa 200, kila nafasi inadakwa na tagi 12 au 13 kwa mpigo, na kisomaji hakiambulii kitu.

Anzeni na Q ya 8. Duru ya kwanza tarajieni takriban nafasi 117 tupu, 92 zenye tagi moja, 47 zenye mgongano, yaani tagi mbili au zaidi kwa pamoja. Hizo 92 ni asilimia 36. Kilele cha njia hii ni 37 hivi, basi msikilaumu kisomaji. Kukadiria zilizobaki, zidisheni migongano kwa 2.39, wastani wa tagi katika kila mgongano: 47 inatoa 112. Duru inayofuata ni Q ya 7, nafasi 128.

Hesabu hiyo hudanganya nafasi zote zinapogongana, kama kwa Q ya 4: 16 mara 2.39 ni 38, kumbe mna 200. Hapo pandisheni Q kwa 3 au 4 bila kukokotoa. Tagi iliyobanana na antena nayo huzifunika nyingine, nafasi ikahesabiwa safi, makadirio yakashuka.

Kagueni pia sesheni, mpangilio wa kisomaji unaoamua tagi ikumbuke kwa muda gani kwamba imeshasomwa. Kwenye sesheni ya S0, tagi ikikosa umeme wa kisomaji kwa muda mfupi tu husahau kwamba imeshasomwa, inarudi foleni. Tumieni S2, inayokumbuka zaidi ya sekunde 2 hata bila umeme. Ila toroli likirudishwa papo hapo, tagi zitakaa kimya.

Zinazokosekana baada ya hayo, zitoeni mzisome moja moja. Isiyoitika ikiwa peke yake haina shida ya mgongano: ina chuma au maji karibu, au imekatika. Ikiitika, ndani ya katoni huenda ililaliana na mwenzake, zipangeni upya.