Nyumba yenye X: nunua vifaa, usinunue kiwanja

Watu wengi wakiona X nyekundu ukutani, ile alama ya nyumba inayotakiwa kubomolewa kupisha barabara, wanapita tu, ila milango yote ya kwangu na paa zima vimetoka kwenye gofu lililokuwa linasubiri kubomolewa pembeni ya barabara kuu, kwahiyo naongea kitu nachokijua. Pale unanunua vifaa, kiwanja hakipo. Muuzaji akianza "we lipia ukae, hawabomoi hao", achana nae kabisa. Barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kiluvya, mwaka 2017 watu walikuwa na maghorofa na bado yalishushwa, mana hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, tofauti na kwingine.

Angalia na rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, sasa X nyekundu ni wale waliomo kwenye hifadhi ya zamani, hawana fidia, ya kijani ni waliokutwa na zile mita 7.5 za nyongeza, hao wana haki ya kulipwa. Ya kijani usiguse hata msumari mpaka mwenyewe alipwe, utaingia kwenye ugomvi usiokuhusu.

Makubaliano yaandikwe serikali ya mtaa, mtaje kila kitu, mabati, grili, fremu, masinki, mpaka tenki, na muuzaji aonyeshe kama ni yake peke yake au ya urithi, maana ndugu huwa wanatokea siku bati la kwanza linashuka, hapo ndo utajua marehemu alikuwa na watoto wangapi.

Kwenye ukaguzi panda darini mwenyewe. Chukua bisibisi uchome kenchi, hasa pale zinapokaa ukutani na chini ya bati linalovuja, ikizama kama kwenye mkate hiyo mchwa kashamaliza. Fremu za mninga hata zikiwa nyeusi kwa vumbi zipige randa kidogo uone, mbao ya zamani ile dukani saivi huipati kirahisi. Paa likiwa la asbesto liache jamani, vumbi lake linaleta kansa ya mapafu.

Kabla fundi hajapanda umeme ukatwe kwenye nguzo, sio kuzima swichi. Tofali zilizojengwa kwa udongo zinatoka nzima, za saruji nyingi zinavunjika, hizo hesabu kama kifusi cha kujazia msingi. Nondo zilizopinda uza kwa kilo, usizirudishe kwenye nguzo za nyumba yako.