Hita inayovuja ndani ya pikapu ya zamani

SWALI: Assalamu alaykum. Nina pikapu ya dizeli ya mwaka 1996 ninayochukulia karafuu na mihogo kutoka mashamba ya Wete hadi Chake Chake. Tangu masika yaanze, kila nikiwasha hita ili kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, ukungu huzidi, na ndani ya gari husikika harufu tamu mfano wa shira. Zulia la upande wa abiria limeloa, nami hulazimika kuongeza maji kwenye rejeta kila baada ya siku mbili. Kwa miaka mingi nilitumia maji ya kisima, na kulanti (dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji) nimeanza kuitia mwaka jana tu. Fundi wangu anasema tuikate mipira ya hita na kuiziba kwa boliti, kwani Pemba hakuna baridi. Je, nimkubalie? (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Fundi wako ameujua ugonjwa, lakini boliti zake usizikubali.

Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji yale yale yanayopoza injini huingia humo na kutoka kwa mipira miwili inayopenya ukuta ulio baina ya injini na chumba cha dereva, na feni huipuliza hewa ipite katikati ya vijibomba vyake vya moto. Kwa hiyo kinacholowesha zulia lako ni maji ya injini, na gari inayoendelea kupungukiwa na maji mwisho wake ni kuunguza gasketi ya silinda hedi (kizibo kilicho baina ya bloku la injini na kichwa chake), ambayo gharama yake haikaribiani hata kidogo na ya hita.

Ili uhakikishe, pangusa kioo kwa ndani kwa karatasi nyeupe laini. Ukungu wa kawaida huacha karatasi mbichi tu, ilhali mvuke wa kulanti huacha utando unaoteleza kama mafuta, usioondoka mpaka uoshwe kwa sabuni. Kisha inua zulia na uguse chini yake: maji safi yasiyo na harufu huenda yanatoka kwenye kiyoyozi ambacho mrija wake umeziba, lakini maji yenye rangi ya kulanti au ya kutu yanatoka kwenye hita.

Ama hizo boliti, kuna injini ambazo maji huzungukia njia ya hita wakati themostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) imefunga, na ukiiziba njia hiyo mzunguko unavurugika. Iwapo ni lazima uiepuke hita kwa muda, unganisha ncha mbili zinazotoka kwenye injini kwa mpira mmoja wa hita wenye kipenyo kile kile, ukazwe kwa klipu pande zote mbili. Nakusihi sana usitumie kipande cha bomba la plastiki la maji ya nyumbani, kwani bomba hilo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, na maji ya injini iliyopata moto huzidi hapo.

Hata hivyo, ningependa uitengeneze. Ni kweli hatuna baridi, lakini hewa kavu ya moto ndiyo inayokusafishia kioo wakati wa mvua, hasa kama pikapu yako haina kiyoyozi. Tena injini ikianza kuchemka ukiwa na mzigo kwenye vilima vyetu, kufungua hita hadi mwisho huipunguzia joto kiasi cha kukufikisha mahali salama pa kusimama. Hita ya shaba huchomelewa na fundi wa rejeta. Ya aluminiamu ni afadhali kuibadilisha. Ukinunua ya mtumba, izamishwe kwenye beseni la maji na ijazwe hewa taratibu, kama anavyofanya fundi wa pancha, bila kuzidisha shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta yako. Unga wa kuzibia uvujaji uuepuke, kwa sababu vijibomba vyembamba vya hita ndivyo vinavyoziba mwanzo.

Naamini maji ya kisima ndiyo yaliyoila hita yako, kwani chumvi na madini yake huozesha chuma na kuacha magamba. Kabla ya kufunga hita mpya, suuza njia yote mpaka maji yatoke meupe, kisha tia kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Kulanti ya zamani ikingwe kwenye ndoo, isimwagwe uani, maana utamu wake huwavutia wanyama na hata watoto, nayo ni sumu inayoua figo.

Mwisho, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, weka hita kwenye moto kabisa, washa injini na uendelee kujaza mpaka mapovu yaishe. Angalia kiwango kila asubuhi kwa wiki nzima, na kikipungua hali zulia ni kavu, mwambie fundi apime gasketi ya silinda hedi.